Shubiri ya Kumwachisha Samira

Mwanaharusi binti Mahmoud, mzaliwa wa Pangani, alikuwa na kazi ambayo kwao asingeweza kumsimulia mtu akaaminiwa. Alikuwa anaivalisha mimea nguo. Ndiyo, nguo: kitambaa cheupe, chepesi kama chandarua, kinachokuja kwa marobota na kukatwa kwa kipimo cha kila mti. Saa saba mchana anaingia kazini katika bustani moja ya mimea upande wa magharibi wa Johannesburg, saa kumi na moja jioni anatoka, na katikati ya hapo anakuwa amekwisha kuifunika mikangaga mirefu, migomba ya mwitu na miche yote ya kitaluni, akaibana kwa vibanio vya waya pembe kwa pembe, upepo usipate pa kupita. Asubuhi wenzake wanaifunua ipate jua. Hayo ni mambo ya Mei na Juni, maana mji ule uko juu sana, na usiku wa kipupwe maji huganda juu ya majani. Jani lililogandiwa hivyo, jua likilipiga, hugeuka jeusi na kulegea kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri. Mkuu wa bustani, mama mmoja Mzungu mwenye mvi zilizokatwa fupi, aliwahi kusimama mbele ya mgomba aliouvalisha Mwanaharusi akasema angependa kulala humo ndani. Watu wakacheka. Mwanaharusi naye akacheka, ingawa yeye alikuwa analala nyuma ya pazia katika chumba cha watu watano huko mtaa wa Joubert Park, katikati ya mji, dirisha limezibwa kwa kadibodi, na usiku wa juzi yake alikuwa amemvika mwanawe soksi mikononi.

Mwana huyo ndiye Samira, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi miwili, mwenye meno sita na hasira za mtu mzima. Baba yake, Burhani, alikwenda Cape Town mwezi wa pili kutafuta maisha, na kwa jinsi alivyoyatafuta kwa bidii akasahau kupiga simu. Basi wakabaki wawili, mama na mtoto, na ziwa katikati yao. Samira alikuwa hataki kitu kingine. Akinyonya kabla mama hajatoka na akinyonya tena usiku mama akirudi, dunia ilikuwa imekaa sawa.

Lakini mkataba wa Mwanaharusi ulikuwa wa muda, wa mchana tu, na mwisho wake ulikuwa tarehe 31 Mei 2016. Kuanzia Juni mosi bustani ilikuwa ichukue mtu mmoja wa kudumu, wa kutwa nzima, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, maana hiyo ndiyo miezi ambayo mishubiri huchanua na watu hufurika kuja kuitazama. Msimamizi wake, Lambert, Mkongo wa Bukavu, alimwambia waziwazi kwamba nafasi hiyo ni yake akiitaka. Aliyepangisha chumba naye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba asiye na kazi ya kueleweka asingoje Juni imkute pale. Kwa hiyo Mwanaharusi hakuwa na cha kufikiria. Alikuwa na mtoto wa kumwachisha ziwa, na siku zilizobaki zilikuwa sita.

Samira alikuwa anashinda kwa Jeannine, mama wa Lubumbashi aliyekuwa akilea watoto wa jengo zima katika chumba cha pili kutoka ngazi. Jeannine alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo.

"Mama Samira," alisema jioni moja, akimkabidhi mtoto aliyevimba macho kwa kulia, "huyu mutoto hakula kitu tangu saa umetoka. Minamupa uji, anatema. Minamupa biberoni, ile chupa ya maziwa, anatupa chini. Anakungoja weye tu na ile maziwa yako. Sasa ukitoka asubuhi mpaka usiku, atakufa kwangu hapa, niseme nini?"

"Usiseme hivyo, dada Jeannine."

"Minasema vile iko."

Mwanaharusi alijua miaka miwili kamili ndiyo haki ya mtoto. Mama yake alikuwa akiitaja haki hiyo kila mwanamke wa mtaani alipoikatisha. Kumwachisha Samira sasa ni kumdhulumu miezi kumi, na aliona haya hata kuinua mikono kuomba dua. Hata hivyo alijaribu pilipili. Aliisaga kidogo akajipaka, na Samira akaungua midomo, akalia saa nzima bila kupumzika huku akijisugua machoni kwa vidole vilevile, ikabidi yeye na jirani wamwoshe uso kwenye bomba la koridoni, mmoja amemshika miguu. Aliapa asirudie.

Ndipo akaikumbuka shubiri. Kukumbuka si neno lenyewe, maana alikuwa akiiona kila siku. Upande wa juu wa bustani, kwenye mteremko wa mawe, mishubiri ilikuwa imepandwa mamia kwa mamia, mingine mifupi ya kukaa chini, mingine mirefu kuliko mtu, na mwishoni mwa Mei yote ilikuwa imeinua mashada ya maua mekundu na ya rangi ya machungwa, ndege wadogo aina ya chozi wanaruka huku na huku wakinyonya. Nyasi za chini zilikuwa zimekauka, miti ya kando ya kijito imepukutisha, hakuna kilichobaki na rangi isipokuwa mteremko ule. Wageni walikuwa wanapiga magoti na kamera zao. Kila mche ulikuwa na kibati chenye jina refu lisilosomeka, na hakuna kibati hata kimoja kilichosema inatumika kwa kazi gani. Mwanaharusi alijua inatumika kwa kazi gani. Nyuma ya jiko la mama yake ulikuwepo mche mmoja tu, na mche huo ulikuwa umewaachisha watoto saba. Unakata jani, unajipaka utomvu wake wa manjano, unamwachia mtoto aje mwenyewe. Siku ya kwanza analia, ya pili analia zaidi, ya tatu anakaa mkekani na wenzake anakula ugali. Haikupata kuzidi siku tatu.

Alimwuliza Lambert. Tumwache Lambert aseme kwa kinywa chake, maana maneno haya atakuja kuyakana.

"Kaka Lambert, nataka jani moja la shubiri. La kumwachisha mtoto ziwa. Nimwombe nani?"

"Uombe nani? Weye unasumbuka bure, Mama Samira. Pale nyuma ya banda haiko rundo? Yale majani tumekata juzi, yale ya kuvunjika. Kamata moja, tia mu sakoshi, mu mufuko yako, basi. Ni takataka ile. Nani atauliza juu ya takataka?"

"Na ile karatasi tuliyotia sahihi?"

Mwezi wa nne wezi walikuwa wameng'oa mimea miwili adimu usiku, na tangu hapo wafanyakazi wote walitia sahihi karatasi ya Kiingereza na mlinzi wa langoni akapewa ruhusa ya kupekua mikoba. Lambert ndiye aliyewasomea kina Mwanaharusi karatasi ile kwa Kiswahili.

"Ile inasema usiibe miti," alisema Lambert. "Weye unabeba muti? Nenda zako, utamwachisha mutoto lini?"

Alhamisi jioni Mwanaharusi akachukua jani, akalifunga kwenye kanga ya zamani. Mlinzi alikuwa anaongea na simu, akampungia mkono apite.

Usiku ule alijipaka. Samira alikuja mbiombio kama kawaida yake, akashika, akaacha. Akamtazama mama yake usoni. Akajaribu upande wa pili, akaacha, akatoa ulimi nje.

"Chungu, mwanangu," Mwanaharusi akamwambia, kama mama yake alivyokuwa akisema. "Limeharibika. Chungu!"

Mtoto alilia hadi watu wa nyuma ya mapazia mengine wakaanza kugonga ukuta. Ijumaa usiku akalia tena, na safari hii alikuwa anamsukuma mama yake kifuani kwa mikono miwili kisha anarudi kumng'ang'ania, hajui kama anataka kukaa au kuondoka. Mwanaharusi naye alikuwa analia. Maziwa yalikuwa yamemjaa, yamekuwa mazito kama mawe na ya moto, hawezi hata kuinua mkono kupiga kibanio. Kazini alikwenda msalani mara tatu kuyakamulia kwenye sinki, akayatazama yanavyokwenda na maji.

Jumamosi Samira alikunywa uji nusu kikombe kwa Jeannine. Jumapili akamaliza kikombe kizima, akala na kipande cha mkate. Jeannine alimpigia simu mama mtu kazini kumpa habari hiyo, akiwa na furaha kama aliyemzaa yeye. Mwanaharusi alishukuru, akakata simu, akakaa chini nyuma ya kitalu kwa muda. Shubiri ilikuwa imefanya kazi yake, siku tatu kama kawaida.

Basi kwa nini alichukua jani la pili? Swali hili atajiuliza mwenyewe hadi anaingia kaburini. Ni kwamba usiku wa Jumapili Samira, katikati ya usingizi, alijisogeza akaanza kumtafuta kwa mdomo, macho yamefumba. Na Mwanaharusi, mwenye kifua kinachomuuma hivyo, nusura ashindwe. Alifungua kifungo kimoja. Akakifunga. Akakaa akijishika mpaka adhana ya simu yake ilipolia. Hakumwogopa mtoto; alijiogopa yeye. Jani la kwanza lilikuwa limekauka. Akasema achukue moja la kumalizia, ajipake Jumatatu usiku na kesho yake, Jumatano aanze kazi yake ya kudumu akiwa na moyo mtulivu.

Jumatatu jioni, tarehe 30, alivalisha mimea yake yote, akapita nyuma ya banda, akachukua jani. Langoni mlinzi hakuwa na simu.

Mkuu wa bustani alikuwa bado ofisini, maana maonyesho ya mishubiri yalikuwa yanafunguliwa wiki hiyo. Jani likawekwa mezani mbele yake, juu ya gazeti, likachuruzika kidogo. Kiingereza cha Mwanaharusi kilikuwa cha kuuliza njia na kushukuru, kwa hiyo Lambert akaitwa kutafsiri. Aliingia amevua kofia. Alipoona jani, akatazama chini.

"Kaka Lambert, mwambie," Mwanaharusi alianza. "Mwambie ni la rundoni, la takataka, sikukata popote. Mwambie ni dawa ya kumwachisha mtoto ziwa, kwetu ndivyo tunavyofanya, nimejipaka hapa, akitaka nitamwonyesha. Mwambie nilikuuliza kwanza, na wewe ndiye uliyenionyesha pa kuchukua. Mwambie hilo, tafadhali."

Lambert alikohoa. Aliyoyasema Mwanaharusi yalikuwa mengi. Yaliyotoka kinywani mwa Lambert hayakujaza pumzi moja. Katika hayo Mwanaharusi alishika maneno mawili. Moja lilikuwa sori. La pili lilikuwa muti, na neno hilo Johannesburg nzima inalijua: ni dawa za kienyeji zinazouzwa sokoni, zile zile zinazowaleta wezi usiku kung'oa mimea. Uso wa yule mama ulibadilika.

"No muti!" Mwanaharusi akapiga kelele. "Baby! Baby!" Akamnyooshea Lambert kidole. "Him. He say take."

Yule mama akamgeukia Lambert. Lambert akatikisa kichwa polepole, akatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayemsamehe mwenzake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na miaka sita ya kuitwa msimamizi baada ya miaka mitatu ya kulinda magari barabarani. Alipima, akaona nani kati yao anaweza kupotea bila bustani kusimama. Hakuchukua muda mrefu kupima.

Mkuu wa bustani alizungumza taratibu ili Mwanaharusi aelewe bila mkalimani, na kwa bahati mbaya alielewa. Alisema si vizuri kumtupia lawama mtu aliyemwombea kazi. Alisema anajua jani lenyewe ni la kutupwa. Alisema mimea haijawahi kufunikwa vizuri kama mwaka huu na kwamba anasikitika sana. Kisha akatoa ile karatasi kwenye faili, akaweka kidole penye mstari mmoja. Hautolewi nje mmea wala sehemu yoyote ya mmea, ulio hai au uliokufa. Chini yake ilikuwepo sahihi ya Mwanaharusi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa madrasa.

"Hukunisomea huo mstari," Mwanaharusi alimwambia Lambert.

"Nyamaza, Mama Samira," alijibu Lambert kwa sauti ya chini. "Ukinyamaza hawataita polisi. Minakusaidia."

Mlinzi alimsindikiza hadi langoni. Kabla ya hapo alilichukua jani pale mezani, akazunguka nalo nyuma ya banda, akalitupa juu ya rundo. Mwanaharusi alisimama akamtazama anavyofanya.

Alipofika Joubert Park, Samira alikuwa amekwisha kula na kulala. Jumanne mchana simu ikalia.

"Allo, Mama Samira? Samahani ya kukusumbua." Alikuwa Lambert. "Uliweka wapi ile katoni ya vibanio? Tunatafuta tangu saa nane, na baridi ya leo wanasema itakuwa mubaya sana."

Mwanaharusi alikuwa na matusi ya Pangani ambayo yangeukausha mteremko mzima. Aliyafikiria moja baada ya jingine. Kisha akaifikiria migomba, na mikangaga, na ile miche midogo ambayo alikuwa ameifunika kila jioni kwa wiki tano.

"Chini ya meza ya kitaluni," alisema. "Mkono wa kulia, nyuma ya ndoo ya bluu."

"Aksanti sana. Mungu akubariki."

Alikwenda na Samira chumbani kwa Jeannine kumweleza. Jeannine alisikiliza, akamtukana Lambert kwa lugha tatu, akamkumbatia Mwanaharusi. Kisha akasema vile iko. Kama haiko kazi, hawezi kubaki na mutoto. Iko mama mwingine wa ghorofa ya nne anangoja nafasi tangu Pasaka.

"Naelewa," Mwanaharusi alisema. "Nitakaa naye mimi mwenyewe."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, alipata wazo lililomtuliza. Uji utakwisha, pazia litakwisha, atakwenda asikokujua na mfuko wake wa nguo, lakini mtoto wake hatalala na njaa, maana chakula chake anacho kifuani, kimejaa hata kinamtoka kwenye nguo. Haki ya Samira ilikuwa bado ipo. Miezi kumi yote.

Alikwenda bombani akajiosha kwa sabuni mara tatu. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata vidole. Akajisugua kwa ndimu aliyopewa na Jeannine, akajiosha tena, akajipangusa kwa kanga safi. Akarudi, akakaa kwenye kitanda cha Jeannine, akamweka Samira mapajani, akafungua vifungo.

Samira aliangalia. Tone lilikuwa linaning'inia, likadondoka lenyewe. Mtoto alilifuata kwa macho lilipoanguka. Kisha akainua mkono wake mdogo, akaushika ukingo wa blauzi ya mama yake, akauvuta taratibu ukafunika.

"Ungu," alisema Samira. Lilikuwa neno jipya. Alikuwa hajawahi kulisema.

"Si chungu, mwanangu. Limepona. Tazama." Mwanaharusi akafungua tena, akajikamulia kidoleni, akaonja mbele yake. Yalikuwa matamu. "Tazama, mama anakula. Mama alikudanganya, mwanangu. Mama alikuwa muongo. Njoo."

Samira alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa anamnyooshea Jeannine mikono yote miwili, anataka kikombe.